Kompyuta Iliyovaa Kanga

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si ile aibu ya kujifungia chumbani ukatoka jioni watu wameshasahau. Hii nimevuka nayo maji, nimeteremka nayo Nyamisati, nimepanda nayo gari mpaka hapa Kibiti, na bado ina nguvu kuliko mimi.

Naandika upesi. Nipo kwenye duka la intaneti, jenereta inakohoa nje, na jamaa wa kompyuta ya pembeni hamalizi kuitazama sketi yangu. (Ina majivu. Mtajua yametoka wapi.) Kichwa changu chenyewe hakijapanga vizuri nani alifanya nini, kwa hiyo nasimulia tangu asubuhi, moja baada ya moja, labda na mimi nitaelewa.

Wale mliopotea tangu tumalize chuo: siku hizi nazunguka mashuleni. Kazi yangu ni kuwahamisha walimu kutoka mfumo wa kompyuta waliouzoea kwenda mfumo mwingine, wa bure, ambao menyu zake zote ni Kiswahili. Ule wa zamani ulikuwa wa kunakili kwa mlango wa nyuma, umejaa virusi, na kila ukiuwasha unadai namba ambayo hakuna aliyenayo. Walimu walikuwa wameshazoea hivyohivyo. Mwalimu anawasha, mashine inadai namba, anaizima, anarudi kwenye chaki.

Sasa kuna sekondari moja huko deltani, upande wa Maparoni. (Jina silitaji, wameshanivumilia vya kutosha.) Walipata kompyuta tano za msaada. Mkuu wa shule ni mama mmoja mfupi, mkali, anaitwa Mwalimu Mwajuma. Amehangaikia zile mashine utadhani amezizaa. Alizisindikiza kwenye boti mwenyewe, amekaa juu ya maboksi, mkono mmoja ameshika mwavuli kuzikinga na maji.

Wilayani wakaanza maneno. Kompyuta za nini kule kwenye mikoko? Umeme hakuna, ni jenereta tu. Walimu hawazijui. Bora zipelekwe kwenye shule iliyo barabarani, gari linafika mpaka mlangoni. Ikaamuliwa afisa wa elimu aende akajionee mwenyewe leo. Akikuta mwalimu anaweza kutumia mfumo mpya, zinabaki. Asipokuta, zinapakiwa kwenye boti hiyohiyo aliyokuja nayo.

Wiki iliyopita nilipokwenda kuweka mfumo, Mwalimu Mwajuma alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, zikitoka hapa hazirudi. Watoto wangu wanamaliza kidato cha nne kompyuta wanaiona kwenye kalenda tu. Usiniangushe."

"Mama, ondoa shaka," nikamwambia. "Hiyo kazi niachie mimi."

(Niachie mimi! Haya.)

Basi, asubuhi nimefika Nyamisati na mafua. Mafua yenyewe si ya kupiga chafya mbili ukaacha, pua zote zimeziba, naongea kwa koo. Boti tumepanda na afisa mwenyewe, Bwana Maganga. Mnyamwezi wa Tabora, mnene, mpole, suruali ya kijivu imenyooshwa mpaka pasi inaonekana. Kwa kuwa Mnyamwezi na sisi watu wa Pwani ni watani, alianza kunichokoza hata boti haijaondoka.

"Kwa hiyo nyinyi Wandengereko siku hizi mnajua kompyuta?"

"Tunajua. Nyinyi endeleeni kubeba mizigo."

Akacheka. Nikajiona nimempata. Mdomo wangu mnaujua, ukishapata upepo hauteremshi tanga. Nikaanza kumpa somo. Nikamweleza mfumo mpya haushiki virusi ovyo, hauzeeki upesi, unakwenda hata kwenye mashine kongwe. Nikamweleza kompyuta ikiharibika, mtaalamu wa kweli anaijua kwa kuitazama tu, hata kuigusa hana haja.

"Kwa kuitazama tu?"

"Kwa kuitazama tu, Bwana Maganga."

"Lakini cha bure," akasema, "mara nyingi kina kasoro."

"Subiri uone," nikamwambia.

Na kweli, aliona.

Tumefika shuleni, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kwanza, mlango wa chumba cha kompyuta una safu ya viatu kama msikitini siku ya Ijumaa. Hilo sawa, shule nyingi wanavua viatu kuzuia vumbi. Lakini walimu wote wamevaa za kutokea. Mwalimu Shamte, wa jiografia, ambaye wiki iliyopita aliniapia kwamba mfumo wangu hataugusa mpaka anaingia kaburini, leo amevaa kanzu na koti, anatabasamu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni. Tumeshaiandaa."

"Mmeandaa nini?"

"Mashine," akasema, akapangusa jasho. "Imeandaliwa vizuri kabisa."

Nikafikiri labda wameifuta vumbi. Nikashukuru.

Nje, nyuma ya chumba, sufuria la wali wa nazi limepanda jikoni, na kamba wanakaangwa. Deltani mgeni haondoki na njaa. Kuni mbichi, moshi unapita dirishani. Mlangoni, pembeni ya viatu, pameshawekwa ndoo kubwa ya maji ya kunawa, na kata ya kuchotea juu yake.

Nikaingia. Madirisha wameyarudishia nusu, ndani giza kiasi. Kompyuta nne zimepangwa ukutani na printa pembeni yake, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, vile vya kuwekea kwenye makochi. Ya tano imewekwa peke yake mbele, juu ya meza, na imevalishwa kanga. Haikufunikwa juujuu, imevalishwa haswa! Kanga mpya, bado ina gamu, inaanzia juu ya kioo inateremka mpaka sakafuni pande zote, miguu ya meza hata haionekani. Na kwa mbele, sawasawa kabisa, maandishi: MWENYE WIVU AJINYONGE.

Bwana Maganga akasoma. Akanitazama.

"Huyo mwenye wivu ni sisi wa wilayani?"

"Hapana, Bwana Maganga. Ni ya kuzuia vumbi."

(Nilikuwa sina habari ni ya kuzuia nini. Wiki iliyopita niliwaambia tu, "Muifunike." Sikusema muioze mume.)

Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito, macho yananiwasha. Nikasema ni kuni za wali. Watu wote wamekaa kimya, wanatutazama sisi, kisha wanaitazama meza, kisha wanatutazama sisi. Mama mmoja, mpishi wa shule, Bi Kuruthumu, alikuwa amechuchumaa pembeni ya meza. Tulipoingia akasimama haraka, akarekebisha pindo la kanga, akarudi kukaa na walimu. Nikadhani anapendezesha. Ukimya wenyewe ulinitia wasiwasi, maana wiki iliyopita walimu walewale walikuwa wanazozana mpaka kengele ya kutoka.

Mwalimu Mwajuma akatoa hotuba fupi. Sauti inamtetemeka, na mama yule sauti haimtetemeki hata akigombana na wavuvi wanaofunga mitumbwi kwenye bendera ya shule. Akasema, "Mheshimiwa, sisi ni watu wa majini lakini watoto wetu si samaki. Tunaomba uzione, utuachie." Nikajiapia moyoni: leo huyu mama hatashindwa.

"Sasa mtaalamu wetu atufunulie," akasema.

Nikajitengeneza. Nikasogea mbele mwendo wa bibi harusi. Kwa mbali nasikia feni ya mashine inaunguruma chini ya kanga, nikashangaa kidogo, kumbe wameshaiwasha? Nikasema vizuri, wamejiandaa. Nikashika pindo, nikamtazama Bwana Maganga, nikatabasamu, nikavuta kanga kwa madaha.

Jamani.

Moshi!

Si moshi kidogo. Ulikuja wote kwa pamoja usoni mwangu, mweupe, mzito. Unatoka nyuma ya mashine kwa nguvu, fyuuu, kama sufuria la mvuke. Unatoka kwenye matundu ya mbele. Unatoka chini ya meza. Kioo chenyewe sikioni!

Akili yangu ikaruka ikaniacha peke yangu.

"MOTO!" nikapiga yowe. "INAUNGUA! Zimeni jenereta! Tokeni! Tokeni nje!"

Nawaambia watoke, hawatoki. Walimu wameduwaa. Mmoja anasema, "Ati moto?" Mwingine anainama kutazama chini ya meza. Bi Kuruthumu amenyanyua mkono kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Nani ana nafasi ya maswali saa hiyo? Mwanafunzi mmoja huko nje akakimbia, jenereta ikazimwa. Mimi nimeruka mpaka mlangoni, nimekanyaga viatu vya watu, nimekamata ile ndoo ya maji ya kunawa kwa mikono miwili. Na ndani ya moyo wangu, mnisamehe, nilijiona shujaa.

Nikaimwaga. Yote.

Nusu ilikwenda kwenye kompyuta. Robo ikaenda chini ya meza. Iliyobaki ilimpata Bwana Maganga, maana alikuwa amesogea kuangalia kwa karibu kama nilivyomwambia aone. Kata nayo iliruka ikampiga begani.

Chini ya meza pakalia: CHWAAAAA!

"Mnaona!" nikasema, nahema. "Mnaona? Mnausikia moto huo!"

Moshi ukapungua. Maji yanachuruzika kutoka mezani, to, to, to. Bwana Maganga amesimama katikati, suruali ya kijivu imekuwa nyeusi, pasi haionekani tena. Nyuma yake ubaoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa wiki iliyopita, hawajaufuta, pameandikwa kwa herufi kubwa: KANUNI YA KWANZA. KOMPYUTA NA MAJI HAVIKAI PAMOJA.

Walimu wanausoma ubao. Wananitazama. Wanausoma tena.

Hapo ndipo mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikafungua mdomo.

"Poleni," nikasema kwa sauti ya kitaalamu. "Msiogope. Hiki kilichotokea kinajulikana. Kile kisanduku cha umeme cha ndani ya mashine kimeungua. Umeme wa jenereta unapanda na kushuka, halafu hewa ya huku ina chumvi, chumvi inaingia kwenye nyaya, nyaya zinagusana, basi. Mimi nilivyoitazama tu, nilijua."

Nikamwona Mwalimu Shamte anakunja uso, anatafakari, kisha anatikisa kichwa polepole kukubali. Wengine nao wakatikisa. Nikapata nguvu. Nikaongeza mambo ya volti. Nikaongeza unyevunyevu. Kama wangeniacha ningefika mpaka kwenye mwezi na maji kujaa.

Bwana Maganga akatoa kitambaa mfukoni, kimelowa, akakikamua, akajipangusa nacho uso.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "hewa ya huku inaunguza kompyuta."

"Kwa kiasi fulani, ndiyo."

"Na jenereta nayo haifai."

"Ina matatizo yake."

"Basi," akasema, "mtaalamu ameshatusaidia. Mwalimu Mwajuma, mimi sina ubaya na wewe. Lakini nikiziacha hapa zitaungua zote, na siku moja zitaungua na watoto ndani. Hizi nne zilizobaki tuzipakie leo. Zikakae barabarani."

Ndugu zangu, pale nilijisikia nimemeza jiwe. Nilitaka kuzima moto, nikaanza kujitetea mbele za watu, na katika kujitetea kwangu nimewahamishia kompyuta kwa mdomo wangu mwenyewe! Nikamtazama Mwalimu Mwajuma. Alikuwa anaitazama ile mashine iliyolowa, midomo ameibana, na machozi yanamlengalenga. Mama yule mkali! Afadhali angenizaba kibao.

Kila neno la kitaalamu nililokuwa nalo nilikuwa nimeshalitumia kujimaliza.

Ndipo Bi Kuruthumu, mkono wake bado uko juu, akasema kwa adabu:

"Samahani, Mheshimiwa. Samahani, mwalimu wa kompyuta. Naomba nichukue chetezo changu."

"Chukua nini?" nikamuuliza.

"Chetezo. Kipo hapo chini. Kile ni cha mama yangu, nisije nikakanyagiwa."

Akapita mbele yetu, akachuchumaa, akafunua pindo la kanga iliyoanguka, akaingiza mkono chini ya meza. Akatoa chetezo. Cha udongo, kikubwa, cha kufukizia chumba kizima. Kimejaa maji mpaka juu. Makaa yanaelea. Na katikati ya makaa, vipande vya ubani vimelowa, vyeupe, vinanitazama.

Akakiinamisha ayamwage maji. Majivu yakanimwagikia kwenye sketi.

Sikuelewa. Wallahi nawaambia, niliona chetezo, niliona makaa, niliona ubani, na bado sikuelewa. Nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza tangu nizaliwe:

"Na hicho nacho kilikuwa kinaungua?"

"Kilikuwa kinafuka, mwanangu," akasema Bi Kuruthumu. "Tulikuwa tunaifukiza. Mashine imetoka kwenye virusi, imeingia mfumo mpya, na shule za jirani zote zinatuonea jicho. Hata nyumba mpya huingii bila ubani. Mwali hatoki bila kufukizwa. Sasa hiyo tuitoe vivihivi mbele ya mgeni?"

"Na kanga?"

"Kanga ya kuzuia moshi usipotee. Wewe hujafukiziwa nguo kwenu?"

Nimefukiziwa nguo. Nimefukiziwa tangu mtoto! Mama yangu mzazi, mwenyeji wa Mbwara, mpaka leo hanipi kanga bila kuitundika juu ya chetezo. Ningekuwa na pua ningejua tangu mlangoni. Pua sina, macho ninayo, na macho yenyewe yaliona ninayoyajua mimi tu.

"Ilivuta vizuri sana," akadakia Mwalimu Shamte, na fahari iko usoni. "Wazo la kuiwasha lilikuwa langu. Nilisema ikiwashwa, ile feni itauvuta ubani mpaka ndani ya moyo wake. Ikavuta yenyewe! Inaingizia huku, inatolea kule. Hata mwali havuti namna ile."

"Sasa, Mwalimu," nikasema, "mlikuwa mnajua ni ubani. Kwa nini mmenyamaza?"

Wakatazamana.

"Sisi tulijua ni ubani," akasema Mwalimu Shamte. "Lakini wewe ndiye mtaalamu. Uliposema kile kisanduku kimeungua, nikasema labda nacho kimeungua, mambo mawili kwa pamoja. Tena ulieleza vizuri."

"Ulieleza vizuri sana," wakaitikia wengine.

Nikageuka kwa Bwana Maganga, naye pua zake ni nzima! "Na wewe Bwana Maganga, hukusikia harufu?"

"Niliisikia tangu nje," akasema. "Nikadhani kuna maulidi. Ulipopiga yowe, nikasema labda ndivyo kompyuta zinavyonuka zikiungua. Mimi nitajuaje? Wewe umesema unaijua kwa kuitazama tu."

Kama ardhi ingekuwa inapasuka kwa maombi, pale pangekuwa na shimo. Nilisimama nimeshika ndoo tupu. Nikamwona Mwalimu Mwajuma ananitazama, safari hii ananitazama mimi, si mashine. Anangoja. Nikajua anachongoja. Nikiendelea na hadithi yangu ya chumvi na volti, heshima yangu inapona nusu, kompyuta zinaondoka. Nikisema kweli, kompyuta huenda zikabaki, mimi nimekwisha.

Nikaweka ndoo chini.

"Bwana Maganga, mashine ilikuwa nzima. Hewa haina kosa, jenereta haina kosa. Hakuna kilichoungua. Nimeogopa moshi wa ubani nikamwaga maji, halafu nikatunga maelezo ili nisionekane mjinga."

"Ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima kabisa."

"Na sasa?"

"Sasa imelowa."

Mtu mmoja huko nyuma akapiga mluzi mdogo wa kicheko, akauzuia. Bwana Maganga hakucheka. Akaitazama safu ya ukutani.

"Na hizo nyingine?"

"Hizo nilikuwa sijazifikia kuzifukiza," akasema Bi Kuruthumu kwa masikitiko.

"Alhamdulillahi," nikasema mimi.

"Washeni moja," akasema Bwana Maganga. "Mtaalamu asiguse. Akae kule, mbali na maji. Wewe mzee wa kanzu, njoo hapa."

Akamchagua Mwalimu Shamte! Katika walimu wote, akamchagua yule aliyeniapia kaburi. Mimi kule pembeni nafsi inanipanda na kushuka. Jenereta ikaungurumishwa. Mwalimu Shamte akakaa, akapandisha mikono ya kanzu, akawasha. Mfumo ukafunguka, Kiswahili kitupu. Akasogeza kishale kama anavusha mtoto barabarani. Akakosea mlango, akarudi, akajisemesha, "Siyo hapa, siyo hapa, hapa pana michezo." Akafungua ukurasa mweupe. Akaanza kuandika kwa vidole viwili, na chumba kizima kinapumua kila anapopata herufi.

Kumbe wiki nzima mzee alikuwa anakuja peke yake alasiri, anajifunza kwa siri. Mwalimu Mwajuma mwenyewe alikuwa hajui. Alimtazama ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mwalimu Shamte akachapa. Printa ikalia, karatasi ikatoka. Bwana Maganga akaipokea kwa ncha za vidole, maana mikono imelowa, akasoma kwa sauti:

"Mheshimiwa, pole kwa kulowa. Tunaomba utusamehe na utuachie. Ni sisi walimu wako."

Hapo sasa Bwana Maganga akashindwa. Alicheka mpaka akatafuta kiti, akakaa kwenye kiti kilicholowa, akacheka zaidi. "Watani zangu nyinyi," anasema, anajifuta macho, "mnaifukiza mpaka mashine! Siku nikifa msinifukize na feni!" Walimu wakalipuka. Bi Kuruthumu alicheka akiwa amekumbatia chetezo chake. Wale wapishi wa nje wakaja dirishani kuuliza, wakasimuliwa, wakaenda kuwasimulia wengine. Kabla wali haujapakuliwa, kijiji kizima kilikuwa na habari. Watoto wananiita "Mama Zimamoto". Mmoja aliniuliza kama nina simu ya zimamoto nyumbani.

Tulikula. Nilinawa kwa maji ya kuchotwa upya, kila mtu ananitazama nikishika kata. Ile kompyuta wameilaza ubavu kwenye mkeka juani, imefunuliwa tumbo, pembeni ya mpunga uliokuwa umeanikwa, na mlinzi wa kufukuza kuku anavilinda vyote viwili. Nimewaambia wasiiwashe mpaka nirudi. Bi Kuruthumu akanishika bega: "Ukirudi, mwanangu, piga simu kwanza."

Mwishoni Bwana Maganga akasimama kutoa uamuzi wa serikali. Suruali imekauka na mikunjo yake yote. Mwalimu Mwajuma amekaa ukingoni mwa kiti, mikono ameifumbata mapajani.

"Nimeona," akasema. "Mwalimu anaweza, mfumo unafanya kazi, hewa haina kosa. Kompyuta zinabaki."

Vigelegele! Mwalimu Mwajuma akafunika uso kwa mtandio, akalia waziwazi, mwanamke yule. Nilienda nikampigia magoti. Akaninyanyua, akanikumbatia na majivu yangu yote. Nami nikaanza kulia, kwa furaha na kwa aibu, sijui ipi ilitangulia.

"Lakini sijamaliza," akasema Bwana Maganga, amenyanyua kidole. "Nilikuja na boti ya kuhamisha kitu, siwezi kurudi mikono mitupu. Mashine zibaki deltani. Mtaalamu ndiye apelekwe barabarani."

Basi nipo barabarani, Kibiti, kwa uamuzi wa serikali. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi kabla sijarudi Dar, na atakayeniuliza uso kwa uso, nitamwambia ilikuwa volti.